Namna ya Kujitolea Kurudisha Mikoko ya Hori Lenu

Watu wengi wanaojitolea kurudisha mikoko huja na hamu moja kubwa, nayo ni kupanda. Huwasili asubuhi, wakapewa mbegu, wakazichomeka matopeni kwa safu zilizonyooka, wakapiga picha, kisha wakarudi nyumbani na furaha. Baada ya miezi sita, mahali pale pale huwa peupe kana kwamba hapakuguswa na mtu. Nami nimekuwa miongoni mwao, na ndiyo sababu mwongozo huu unaiweka kazi ya kupanda karibu na mwisho. Kazi yenyewe hasa ni kujua kwa nini mahali fulani hapana miti, kuiondoa sababu hiyo, kisha kurudi mara kwa mara kuangalia.

Ninapoandika nalifikiria zaidi hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lililo sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu katika Kaunti ya Kilifi, ambayo ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi. Maji yakipwa Mida, vipwa vya matope hufunuka, na ndege waliosafiri kutoka Ulaya na Asia hushuka kudonoa chakula chao. Maji yakijaa, mkizi, tafi na kamba wachanga huingia kati ya mizizi kujificha hadi wakue. Hata hivyo, hatua hizi zinamfaa pia aliye Gazi, Vanga, Lamu, Tanga, Bagamoyo, Rufiji au Chwaka, kwa kuwa maji ya bamvua, yaani yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni yale yale na miti ni ile ile.

Kabla ya hatua yoyote, ni vizuri tuelewane kuhusu majina. Katika mazungumzo ya kawaida neno mikoko hubeba miti yote inayoota kwenye maji ya chumvi, lakini kwa mvuvi na mkata miti, mkoko hasa ni ule wenye mizizi iliyopinda kama magongo yanayolishikilia shina. Wenzake ni mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, kikandaa, msikundazi na mkomafi dume, na kwa hesabu hiyo pwani ya Kenya ina aina 9. Kila aina ina mahali pake, na atakayeyachanganya majina ataichanganya miti pia.

Hatua ya 1: Piga hodi kwanza

Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932. Maana yake ni kwamba hata sehemu iliyobaki visiki vitupu nyuma ya kijiji chenu ina mwenye dhamana, na huwezi kuokota mbegu, kuchimba mfereji wala kupanda bila ruhusa. Nenda katika kituo cha Huduma za Misitu cha eneo lako, na kama hori liko ndani ya hifadhi ya bahari, nenda pia kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Tanzania Bara, wahusika ni Wakala wa Huduma za Misitu. Zanzibar, anza kwa sheha, naye atakuelekeza katika idara inayoshughulikia misitu.

Ofisini utaambiwa kuna kikundi gani. Sehemu nyingi zina jumuiya ya misitu ya wanakijiji, inayotambuliwa nchini Kenya na sheria ya misitu ya mwaka 2016, na zina pia kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, ambayo kila mtu huiita BMU (Beach Management Unit). Jiunge na kilichopo badala ya kuanzisha chako. Kikundi cha kina mama walio na kitalu cha miche nyuma ya nyumba zao wanajua zaidi ya unavyoweza kusoma katika mwaka mzima, nawe unapofika na shati jipya lenye maandishi kifuani, kumbuka kwamba wewe ndiye mgeni. Waamkie wazee, kaa, sikiliza, na uulize kama kuna mahali wasipotaka paguswe, kwa sababu katika mahori mengi yapo makaburi ya kale au mizimu ambayo wenyeji huiheshimu. Uliza pia siku zinazofaa. Kazi ya Ijumaa imalizike mapema ili watu wawahi msikiti, na katika mwezi wa Ramadhani usimtake mtu aliyefunga ashinde juani na gunia la mbegu begani.

Hatua ya 2: Tafuta sababu ya uwazi

Hapa ndipo ninapokusihi uwe na subira. Mkoko mmoja uliokomaa huangusha mbegu nyingi kila mwaka, na maji huzibeba na kuzisambaza bila malipo. Ikiwa kuna msitu jirani unaozaa, na bado mahali fulani hapaoti kitu mwaka baada ya mwaka, basi kuna jambo linalozuia, na jambo hilo litaizuia mbegu yako vilevile.

Zunguka mahali hapo mara kadhaa, maji yakiwa yamepwa na yakiwa yamejaa, ukiwa pamoja na mtu aliyezaliwa hapo. Mwulize palikuwaje alipokuwa mtoto. Mara nyingi sababu itakuwa mojawapo ya hizi ninazozieleza hapa.

Huenda miti ilikatwa. Pwani yetu iliuza miti kwa karne nyingi, na soko lake bado lina lugha yake: kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, kila moja kwa unene wake. Boriti za Lamu na Rufiji ziliezeka nyumba za Arabuni, na tanuri za chokaa na matofali zilikula kuni za mikoko kwa wingi. Penye visiki, chunguza ni vya mti gani. Mchu uliokatwa huweza kuchipua tena, kwa hiyo kinachohitajika pengine ni kuuacha upumue na kuwazuia mbuzi wasiumalize. Mkoko wenyewe, ukikatwa chini ya matawi yenye majani, hauchipui tena. Hapo mbegu zitahitajika.

Huenda udongo ulizika mizizi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashambani hadi katika hori la Mwache karibu na Mombasa, na mikoko ikakauka ikiwa imesimama, kwa sababu mizizi ya kupumulia ikifunikwa, mti hukosa hewa. Mahali kama hapo, kupanda tena huku mto unaendelea kushusha udongo ni kazi ya bure, na pengine mtu wa kujitolea atasaidia zaidi akienda kupanda nyasi na miti kwenye kingo za mto huko juu.

Huenda maji yamefungwa njia. Barabara iliyoinuliwa bila karavati la kupitishia maji, tuta la mashamba ya chumvi au ya samaki, au hata njia ya miguu iliyojazwa mawe inaweza kuyazuia maji ya bahari yasiingie, au yakiingia yasitoke. Sehemu isiyofikiwa na maji mara kwa mara hukauka, chumvi ikabaki juu ya ardhi kama unga mweupe, na hapo hata mchu, ambao huvumilia chumvi kuliko wenzake, huwa na hali mbaya.

Na huenda, jambo ambalo watu hulisahau sana, mahali hapo hapakuwahi kuwa na mikoko hata siku moja. Vipwa vitupu vya matope si ardhi iliyoharibika. Ndivyo malisho ya ndege. Nyasi za bahari nazo si pori. Ndimo kasa na samaki wanamolisha. Anayezifunika kwa mikoko anaharibu makazi ya viumbe hai ili arudishe makazi ambayo hayakuwapo.

Hatua ya 3: Pima kimo cha ardhi kwa maji yenyewe

Nitaeleza kosa langu, kwa sababu limenifundisha hatua hii. Miaka ya mwanzo ya kujitolea, kundi letu lilichagua uwanja mpana wa matope mbele ya msitu, upande wa bahari, kwa kuwa ulikuwa wazi, ulifikika kwa urahisi na haukuwa na mzozo wa umiliki. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kwenye dema zake alisimama akatutazama, akasema kwa upole kwamba hapo tangu babu yake ni pa ndege. Tulimshukuru tukaendelea. Mbegu zilisimama vizuri kwa wiki chache, zingine zikatoa majani mawili. Kisha viumbe vidogo vyenye magamba makali, vile vinavyojibandika kwenye vyombo, vikazivaa zote kuanzia chini hadi juu, mawimbi ya kusi yakazing'oa, na kabla ya mwaka kwisha tulibaki na safu za vijiti vilivyokufa. Tulikuwa tumepanda chini mno. Miche ilikuwa ndani ya maji kwa saa nyingi kuliko inavyoweza kustahimili.

Mikoko huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na kikomo cha maji ya bamvua. Chini ya hapo huzama, juu ya hapo hukauka. Huko Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, watu wengi walijitolea kupanda mikoko ufukweni kwa nia njema, na katika maeneo mengi haikubaki miche, sababu kubwa ikiwa ni hii hii ya kimo kisichofaa.

Huhitaji chombo cha mpimaji wa ardhi. Chukua miti miwili mirefu iliyonyooka, uitie alama kila sentimita 10. Chagua siku isiyo na upepo mkali, ukangojee maji yajae hadi yasimame, kabla hayajaanza kupwa. Mtu mmoja asimamishe mti wake kwenye ukingo wa chini wa msitu wenye afya ulio karibu, pale miti ya mwisho iliyokomaa inapokutana na uwazi. Mwingine asimamishe wake katikati ya mahali mnapotaka kupanda. Wapeane ishara, wasome kina kwa wakati mmoja. Kwa kuwa uso wa maji ni mmoja, tofauti ya kina ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Ikiwa msituni maji yana kina cha sentimita 40 na kwenu yana sentimita 90, ardhi yenu iko chini kwa nusu mita, na hapo msipande. Ikiwa kwenu yana sentimita 45, mko karibu sana na ardhi ya msitu, na mnaweza kuendelea. Rudieni kipimo katika sehemu kadhaa za uwanja, kwa sababu matope hudanganya macho. Uwanja unaoonekana sawa kama meza huwa na mabonde yake.

Hatua ya 4: Yafungulie maji njia

Ikiwa sababu ya uwazi ni maji yaliyofungwa, hii ndiyo kazi yenu, na huenda ikawa kazi yenu yote. Fuateni mikondo ya zamani kwa macho: ukiangalia wakati maji yanapwa, utaona mistari myembamba ambamo maji yanang'ang'ania kupita. Huko ndiko pa kuchimba. Kundi la watu 15 wenye majembe linaweza kuuzibua mkondo mdogo ndani ya asubuhi chache, lakini ni lazima ofisi husika na wenyeji wakubaliane kwanza kuhusu upana, kina na mahali udongo uliochimbwa utakapowekwa, kwa maana ukiurundika ukingoni umejenga tuta jingine.

Mkondo ukishafunguka, ngojeni. Ningependekeza msimu mzima wa kuanguka mbegu upite bila mtu kupanda chochote. Mara nyingi mbegu zitaingia zenyewe na maji, zikachagua mahali zinapopataka, na miche itakayoota hivyo itakuwa ya aina mbalimbali, mahali panapoifaa, bila gharama. Najua ni vigumu kuwaeleza watu waliokuja kupanda kwamba kazi ya leo ni kungoja. Waelezeni hivyo hivyo. Wakati wa kungoja kuna mengi ya kufanya: kutoa nyavu zilizotelekezwa zilizonasa kwenye mizizi, kuokota plastiki inayokaba miche michanga, kuhesabu ndege, na kuzungumza na wenye mbuzi kuhusu malisho.

Hatua ya 5: Chagua aina na uokote mbegu

Ikiwa msitu jirani ni mdogo au uko mbali kiasi kwamba mbegu hazifiki, sasa ni wakati wa kupanda. Tembea ndani ya msitu wenye afya kutoka upande wa bahari kuelekea nchi kavu, uandike unachokiona. Kwa kawaida utakuta mlilana mbele kabisa, ukichanganyika na mkoko. Katikati ni mkoko, muia na mkandaa. Nyuma, ambako maji hufika siku za bamvua tu, ni mkandaa, mchu na kikandaa. Mchu huweza kuonekana mbele na nyuma pia. Mpangilio huo ndio unaopaswa kuufuata, na kila aina upande kwenye kimo chake. Vikundi vingi hupanda mkoko peke yake kwa sababu mbegu yake ni kubwa na rahisi kuishika, na matokeo yake ni shamba la mti mmoja badala ya msitu.

Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani inayoweza kuzidi nusu mita. Kuijua iliyokomaa ni jambo la kujifunza kwa vidole. Tazama pale fimbo inapoungana na tunda: ikiwa imekomaa, hutokea pete ya rangi ya manjano. Ishike katikati, uizungushe kidogo. Iliyo tayari huachia yenyewe mkononi, na pale ilipochomoka utaona kichipukizi kidogo cha kijani, kimefungwa kama jani la mgomba lililokunjwa. Ikikataa, iache. Ukiivuta kwa nguvu utakivunja kichipukizi hicho, na utakachopanda ni kijiti tu.

Mbegu ya mkandaa hufanana na hiyo, ila ni nyembamba, fupi na yenye mifupa mifupa ukiipapasa. Ya mchu ni bapa kama kunde kubwa, na huelea hadi gamba lake litoke. Tunda la mlilana lina mbegu ndogo nyingi, na hilo linahitaji kitalu. Waachie wenye uzoefu.

Okoteni kutoka miti mingi, wala si mmoja uliozaa sana. Chagueni zisizo na matundu, kwa kuwa wako wadudu wanaozitoboa mbegu zikiwa bado mtini, na tupeni zilizovunjika ncha. Zikae kivulini, zimefunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na zipandwe ndani ya siku chache. Idadi ihesabiwe mapema: kwa nafasi ya mita moja kati ya mche na mche, hekta moja huchukua mbegu 10,000, na siku ya kwanza ya watu wasiozoea haiwezi kumaliza hata sehemu ndogo ya hekta hiyo. Ni afadhali kuokota pungufu kuliko kuzirundika zioze. Msimu wa mbegu hutofautiana na mahali na aina ya mti, kwa hiyo mwulize mwenyeji. Sehemu nyingi masika ndiyo huleta mavuno makubwa ya mkoko.

Hatua ya 6: Siku ya kupanda

Siku hupangwa na mwezi, si kalenda ya ofisi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani ya Kenya hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hapo mtapata muda wa saa tatu hadi nne wa kufanya kazi. Mimi hupendelea siku za mwisho za bamvua, kwa sababu baada yake huja maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo kidogo, na mbegu hupata siku kadhaa za utulivu kabla ya kusukumwa tena. Mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuyatazama maji tu. Bamvua kubwa ya pwani hii huweza kuinuka karibu mita 4, na maji yanaporudi huanza kwa kuujaza mkondo ulio nyuma yenu wakati mbele mnaona bado ni pakavu. Wahesabuni watu mnapoingia na mnapotoka.

Kuhusu mavazi, epuka buti refu za mpira. Tope huziminya, na mguu hutoka ukiwa mtupu. Viatu vyepesi vya raba vinavyofungwa kamba ndivyo vinavyofaa, navyo ni vya lazima, kwa sababu chaza waliojishika kwenye mizizi hukata nyayo kama wembe. Vaa mikono mirefu na kofia. Maji ya kunywa yabebeni kwenye madumu ya kujazia tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, fukwe zikiwemo.

Kupanda kwenyewe hakuna siri kubwa. Ncha ngumu ya kahawia huenda chini, ile yenye kichipukizi hubaki juu. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakipanda kinyume kwa sababu hakuna aliyewaonyesha. Isukume mbegu kwa mkono taratibu, kiasi cha sentimita 7 hadi 10, hadi isimame bila kuegemea. Usiigongee wala usiizamishe hadi nusu. Mahali ambapo tope ni gumu, tangulia kutoboa kwa kijiti. Usiwe mtumwa wa mistari: ukikuta mche ulioota wenyewe, uruke, ukikuta dimbwi lisilokauka, liruke pia. Pitieni njia moja ya kuingia na moja ya kutoka, kwa sababu miguu 40 inayozunguka ovyo hukandamiza tope, huvunja mizizi ya kupumulia na huziba mashimo ya kaa. Mashimo hayo ndiyo yanayopeleka hewa na maji ndani ya udongo. Ni kweli kwamba kaa hula baadhi ya mbegu, na usiku wa kwanza mtapoteza kadhaa. Hata hivyo, msitu usio na kaa ni msitu mgonjwa, na dawa ya hasara hiyo ni kujazia mapengo, si kuwaua.

Hatua ya 7: Rudi na daftari

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo ndiyo inayokosa watu. Kabla ya kuondoka siku ya kupanda, wekeni alama za kudumu za viwanja vitatu au vinne vyenye mita 10 kwa 10, vilivyotawanyika, na muandike kila kiwanja kina miche mingapi na ya aina gani. Chagueni pia mahali pamoja pa kusimama na kupiga picha, mkielekea upande ule ule kila mara. Rudini baada ya mwezi 1, miezi 3, miezi 6 na mwaka, kisha kila mwaka. Hesabuni iliyo hai, pimeni urefu wa michache, na muandike mlichokiona: majani yaliyoliwa, mwani uliojizungusha, nyayo za ng'ombe, mchanga uliopanda. Andikeni pia miche iliyoota yenyewe, kwa maana hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mahali hapo pameanza kujiendesha. Nani amerejea nalo ni jambo la kuandika: aina ya kaa, konokono wa mikokoni, ndege waliotua. Katika hori letu, siku mvuvi alipotueleza kwamba ameona kamba wachanga kwenye mkondo tuliouzibua, tuliiandika tarehe ile kwa wino mwekundu.

Tegemeeni miaka, si miezi. Gazi, katika Kaunti ya Kwale, ilikatwa miti mingi kwa ajili ya kuni za viwanda katika miaka ya 1970, na kazi ya kuipanda tena ilianza mwaka 1991. Ni baada ya zaidi ya miaka 20 ndipo wanakijiji wa Gazi na Makongeni walipoweza, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja unaolinda hekta 117, kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na msitu wao, yaani kulipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa, na kutumia mapato kwa maji na shule. Nyuma ya miaka hiyo walikuwapo watu waliokuwa wakirudi kuhesabu.

Ikiwa hesabu ya mwaka wa kwanza inaonyesha kwamba miche mingi imekufa, msikimbilie kupanda mingine mahali pale pale. Rudini kwenye hatua ya pili na ya tatu mkiwa na daftari mkononi, mtazame miche iliyokufa imejikusanya wapi: ikiwa ni upande wa bahari, pimeni kimo tena, ikiwa ni kando ya njia, zungumzeni na wenye mifugo, ikiwa ni kila mahali, wasilisheni matokeo ofisini na kwenye kikundi, muombe uwanja huo uachwe hadi sababu ijulikane. Nakala moja ya daftari ibaki kwa kikundi cha kijiji, kwa sababu wewe unaweza kuhamia kwingine, na atakayeulizwa baada ya miaka 10 ni yule anayeishi pale.